Je, Wajua? Debe la Juni Ndilo Linalolisha Februari

Je, wajua kwamba mwezi mzuri wa kuchangia wenye njaa Kawajense ni ule ambao hakuna mwenye njaa? Katika kata hii ya Manispaa ya Mpanda, kama kwingineko Katavi, mvua ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba na kukoma Aprili. Mahindi yanavunwa kuanzia Mei. Yakishajaa sokoni bei inashuka, na mwenye deni la pembejeo, ada au matibabu anauza hata yale aliyopaswa kula. Ikifika Januari shamba lina mabua mabichi, ndani hakuna kitu, na mtu yule yule ananunua debe kwa bei ya juu kuliko aliyouzia.

Kwa hiyo kikapu cha michango kinachopitishwa Februari kimechelewa. Fedha ileile ingenunua mahindi mengi zaidi mwezi Juni, na wengi wasingehitaji kutoa fedha kabisa, wangetoa debe.

Hebu tupige hesabu. Debe moja la mahindi ni kama kilo 18. Kaya 100 zikitoa debe mojamoja, ni kilo 1,800. Familia ya watu watano ikisaga kilo mbili kwa siku, mzigo huo unazitosha familia 10 kwa miezi mitatu, Januari hadi Machi. Kaya 100 tu! Ni eneo la mabalozi wachache.

Je, wajua kwamba taratibu za kuchangia tayari tunazo? Waislamu hutoa zakatul fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, na inatakiwa imfikie maskini kabla ya swala ya Idi. Makanisani kuna sikukuu ya mavuno. Ukihudhuria mnada wake utaona jogoo mmoja akinunuliwa, anarudishwa mezani na mnunuzi, ananadiwa tena, ananunuliwa na mwingine, hadi ameingiza fedha za jogoo kadhaa. Na shuleni, tangu mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe wa mwaka 2021, wazazi wanakubaliana kwenye kikao nani alete mahindi, nani maharage, na mpishi alipwe nini. Watu wanajua kutoa. Kilichobaki ni sehemu ya michango hiyo kuwekewa ghala na tarehe ya kufunguliwa.

Ghala ndipo penye kazi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una vihenge vya kisasa hapa Mpanda, lakini vile ni vya maelfu ya tani na vya nchi nzima. Magunia 20 ya mtaa yanahitaji chumba kikavu, vichanja vya mbao ili gunia lisigusane na sakafu, na watu wanaowajua maadui wa nafaka.

Adui wa kwanza ni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na mahali alipotambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika ni kwa majirani zetu, mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimwita Skania, jina la malori. Dawa isiyo na sumu ni mfuko wa kinga njaa: mifuko miwili ya nailoni ndani, wa tatu wa kufumwa nje, kila mmoja umefungwa peke yake. Wadudu hukosa hewa na kufa. Ila ukiufungua kila siku unawapelekea hewa, hivyo fungua mmoja, umalize, ndipo ufungue mwingine.

Adui wa pili haonekani. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kuvu wake hustawi kwenye nafaka iliyohifadhiwa mbichi. Anayepokea mahindi ya mchango ayapime mlangoni: chupa ya kioo iliyokauka, vijiko vichache vya chumvi kavu, mahindi hadi robo ya chupa, kisha tikisa kwa dakika moja na uiache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yarudi juani kwanza. Kijana wa kidato cha pili anaweza kukabidhiwa kazi hii, na ni msaada mkubwa kuliko anavyodhani.

Hifadhi punje, usihifadhi unga. Unga wa dona unaharibika upesi. Usagwe wiki ya kugawa.

Je, wajua kwamba benki ya kwanza ya chakula duniani ilianza kwa wazo la mama mwenye shida? Huko Phoenix, Marekani, mama wa watoto 10 aliyekuwa akiokota vyakula vilivyotupwa na maduka alimwambia John van Hengel kwamba pangefaa kuwe na mahali pa kuweka chakula na kukichukua, kama benki. Parokia ya St. Mary's ikatoa jengo, na mwaka 1967 kazi ikaanza. Wala si lazima mtoaji awe tajiri: jirani zetu Kenya, wakati wa ukame wa 2011, walichangishana kwa simu, wengi kwa shilingi chache tu, na lengo la shilingi milioni 500 za Kenya likapitwa kabla ya mwezi kwisha.

Jambo moja la kuzingatia. Rukwa, mkoa uliouzaa Katavi mwaka 2012, ni ghala la mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ugali peke yake haujengi mtoto. Ghala lipokee pia maharage, karanga, na dagaa wa Karema.

Mavuno yajayo, kabla dalali hajafika na mizani, tenga debe moja la mahindi makavu. Mwulize balozi wako litahifadhiwa wapi. Kama hana jibu, mwombe aitishe kikao, nawe uende.