Kutoka Ghalani Si Kuuzwa

Biashara ya vitabu ina udanganyifu wake. Mchapishaji huona makasha yakipakiwa na kuondoka, akadhani ameuza. Kumbe mali imehama ghala tu. Leo tunaueleza udanganyifu huo kwa mfano wa kampuni moja ya Marekani, kwani ni funzo kwa kila mchapishaji na kwa kila afisa mwenye dhamana ya kusimamia au kukopesha kazi hiyo.

Kampuni hiyo ni TSR, ya mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1974 ilitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huizunguka meza, kila mmoja akajivika nafsi ya mhusika wa hadithi. Mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi, na dadu huamua yenye shaka. Kinachouzwa hasa ni vitabu vya kanuni. Nakala 1,000 za mwanzo ziliisha kwa muda usiofika mwaka.

Ugumu wa kwanza wa biashara hii umo katika uzuri wake. Kitabu kimoja hutosha kundi zima kwa miaka mingi, kwa kuwa kinachoendelea kutumika ni fikra za wachezaji, nazo hazinunuliwi dukani. Mchapishaji, ili alipe mishahara, hana budi kutoa vitabu vipya kila mara. TSR ikatunga ulimwengu mmoja baada ya mwingine: Forgotten Realms, Ravenloft, Dark Sun, Planescape. Aliyependa huu mara nyingi hakununua vitabu vya ule. Wanunuzi waligawanyika, ilhali gharama za waandishi, wachoraji na uchapaji zilirudiwa kwa kila mmoja.

Ugumu wa pili ndio uliovunja nyumba. Vitabu vya TSR vilifikishwa madukani na kampuni ya Random House kwa desturi ya biashara hiyo: kisichouzwa hurudishwa. Msambazaji alitoa fedha alipopokea mali, kabla msomaji hajainunua. Basi kampuni iliyobanwa na madeni iliweza kupata fedha kwa kupeleka shehena kubwa zaidi. Hilo lilikuwa deni lililovaa kanzu ya faida. Mwaka 1996 mali ilirudi kwa wingi, ikidai kulipwa. Uchapaji ulikwama kwa madeni, na mwezi wa Desemba wafanyakazi wakapunguzwa. Mwaka 1997 TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast, nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999.

Isifikiriwe kwamba mchezo ulikosa wapenzi. Mwaka 2024 ulitimiza miaka 50, na hadi leo unachezwa. Kilichokufa ni nyumba iliyouzaa, nayo ilikufa kwa hesabu.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya kulizingatia jambo hili. Wasomaji wetu ni wachache kuliko wa bara, karatasi hutufikia kwa chombo, na kitabu kisichouzwa huliwa na unyevu na mchwa. Anayechapa hapa, kiwe kitabu cha hadithi, cha mashairi au cha mchezo, na aanze na nakala chache, kisha achape tena zikiisha. Daftari lake liwe na safu mbili: iliyopelekwa dukani, na iliyolipwa. Mapatano na mtunzi yaandikwe mapema, kwani hata Arneson aliishitaki TSR mwaka 1979 kwa ajili ya mrabaha wake.

Kwa maafisa wetu tuna neno moja. Mchapishaji anapoomba mkopo, asiulizwe tu amechapa nakala ngapi. Aulizwe ngapi zimenunuliwa na kulipwa. Na pale shule au maktaba inapohitaji vitabu, inunue kwa fedha taslimu na ilipe kwa wakati. Malipo ya namna hiyo, hata yakiwa madogo, humfaa mchapishaji kuliko sifa nyingi za jukwaani.

Wazee wetu walikwisha kutuusia: mali bila daftari hupotea bila habari. Ya Lake Geneva ilikuwa na madaftari mengi. Iliyokosekana ni safu ile ya pili.