Mteja anakuja kuona friji, siyo nyumba nzima

Wauzaji wenzangu, leo naongea na sisi tunaouzia nyumbani, fremu hatuna. Mimi niko Nkuhungu hapa Dodoma, nauza vifaa vya ndani vya mtumba: friji, majiko ya gesi, feni. Na friji humuuzii mtu kwa picha peke yake. Lazima aje aone inagandisha.

Mwaka jana walikuja wawili. Mmoja akabaki na mimi jikoni, anauliza kompresa, anauliza kama gesi imewahi kujazwa, maswali ya mtu anayejua kabisa. Mwenzake akaomba choo. Kwenda chooni kwangu unapita mlango wa chumba, mlango uko wazi, simu ya biashara iko kitandani inachaji. Wakaaga, wakasema jioni wanarudi na kirikuu. Mpaka leo hiyo kirikuu naisubiri.

Simu yenyewe haikuniuma sana. Kilichoniuma ni laini: wateja wote humo, mtaji humo. Nikaazima simu ya jirani, nikapiga huduma kwa wateja laini ifungwe palepale. Kesho yake nikairudisha namba yangu kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole. Hela ilipona kwa sababu namba ya siri sijaiandika popote. Ila oda mbili za siku ile zilishaenda kwa muuzaji mwingine.

Siku hizi friji inakaa barazani. Ekstensheni naipitisha dirishani, naiwasha tangu asubuhi, mteja akifika anakuta barafu. Mlango wa ndani umefungwa, ufunguo uko kwangu. Akiomba choo namwambia maji yamekatika. Kwa mgao wa Dodoma, nani atabisha?

Picha nazo ziangalie vizuri kabla hujaposti. Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, mageti mengi yana kibao cha namba ya nyumba na nguzo za kona zina jina la mtaa. Ukipigia picha jiko mbele ya geti, umeshamwelekeza kila mtu mpaka mlangoni. Mimi natundika shuka nyuma ya bidhaa, basi. TV yangu haionekani, dirisha halionekani.

Maelekezo natoa nusu. Mteja anashuka kituo cha daladala, ananipigia, namfuata mwenyewe. Ni mchana tu, na jirani namwambia kabla kwamba nina mgeni. Mzigo mdogo kama pasi au blenda haufiki hata nyumbani, tunakutana Nyerere Square.

Na wewe unayeuza nyumba yenyewe, dalali asikae na funguo. Kila anapoleta mtu, uwepo wewe au ndugu yako, na hati ya kiwanja isilale kabatini humo.

Friji ile niliiuza wiki mbili baadaye kwa dada mmoja wa Ilazo. Alikaa barazani, akagusa barafu kwa kidole, akaomba nipunguze elfu ishirini, nikapunguza kumi. Ndani hakuulizia.