Nani Kasema Tahasusi Ina Kabila?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kwenye vizimba vya mitumba Mchikichini ushauri unagawiwa bure. Mtoto wa Kichaga aende masomo ya biashara, "ipo kwenye damu". Wa Kihaya asome tu, "hao ni wasomi". Mzaramo mwenye A ya fizikia anaulizwa kama kweli PCM ataiweza. Mhindi wa dukani haulizwi kabisa: si atarithi duka?

Dhana hizi, zinazompima mtu kwa kundi lake, huitwa dhana mgando. Je, zinatoka wapi, na zinamfanya nini mwanafunzi?

Tuanzie Marekani

Huko wenye asili ya Asia husemwa wamezaliwa na hesabu kichwani. Wanasosholojia Jennifer Lee na Min Zhou, katika kitabu chao cha 2015, walieleza vingine. Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliwapa nafasi maalumu watu wenye taaluma. Kwa hiyo wengi walioingia kutoka China na India walikuwa na digrii tayari, kuwazidi kwa mbali wenzao waliobaki nyumbani. Watoto wao wakakuta njia imeshachongwa: udaktari, uhandisi, uanasheria.

Lakini Wahmong na Wakambodia waliofika kama wakimbizi wa vita hawakuwa na mtaji huo, na watoto wao wengi hawakufika chuo. Wote ni Waasia. Kama ni damu, mbona matokeo hayafanani?

Turudi nyumbani

Na huku kwetu ukichimba unakuta historia, siyo damu. Kilimanjaro na Bukoba kulikuwa na shule za misheni mapema, na kahawa ya kulipia ada. Ushirika wa KNCU ulianzishwa 1933. Pwani, wazazi wengi Waislamu waliogopa kwamba mtoto akipelekwa misheni atabadilishwa dini. Shule nyingine zilikuwa chache.

Na duka la Mhindi? Serikali ya mkoloni iligawa shule kwa rangi, na Dar es Salaam yenyewe ikagawanywa kwa kanda: Uhindini kwao, Kariakoo kwa Waafrika. Sheria ya miaka ya 1920 ikabana mikopo kwa Mwafrika. Ukimzuia mtu mtaji, halafu ukasema hajui biashara, hapo umemwonea mara mbili.

Kichwani mwa mwanafunzi

Mwaka 1999, Margaret Shih na wenzake waliwapa mtihani wa hesabu wanafunzi wa kike Wamarekani wenye asili ya Asia. Waliokumbushwa kwanza asili yao walifanya vizuri zaidi. Waliokumbushwa kuwa ni wanawake walifanya vibaya zaidi. Wasiokumbushwa chochote wakawa katikati. Jaribio liliporudiwa 2014 majibu yalichanganyika: timu moja iliona mwelekeo huohuo kwa wanaoijua dhana hiyo, nyingine haikuuona. Kwa hiyo tusilikuze.

Kilicho wazi zaidi ni uchaguzi wenyewe. Anayeambiwa kila siku "fizikia siyo yenu" anaweza asiijaze kabisa kwenye fomu, hata kama alama anazo. Na sifa nzuri nazo zina mzigo. Lee na Zhou walikutana na vijana waliojiona wamefeli maisha kwa sababu tu hawakufuata njia ile iliyochongwa. Hapa kwetu, Mchaga anayetaka HKL kwa sababu anapenda fasihi anaulizwa, "sasa hiyo itakulipa nini?"

Kwa hiyo ujaze nini?

Angalia alama zako za miaka yote, siyo za mtihani mmoja. Angalia somo unalolirudia bila kusukumwa. Uliza shule unayoiomba ina maabara na walimu wa somo hilo. Ulizia kozi za chuo zinazopokea tahasusi hiyo.

Na wewe mzazi, mwalimu, au jirani wa kizimbani: kabla ya kutoa ushauri, mwambie akuonyeshe matokeo yake. Kabila lake halijaandikwa mle.