Chumvi Inayobaki Ndani ya Mashine

Pepo za kusi zikikaza, mashua hupwelezwa kisiwani Jibondo, karibu na Mafia, zikakalafatiwa, na mashine hushushwa na kuwekwa ndani hadi bahari itulie. Mwenye chombo huona amemaliza. Kumbe uharibifu ndani ya mashine ile ndiyo kwanza unaanza.

Mashine nyingi za kufunga nyuma ya chombo hupoozwa kwa maji yaleyale ya bahari. Pampu yenye impela ya mpira huyavuta kutoka chini, huyapandisha kwenye njia nyembamba zinazozunguka silinda, kisha huyatoa. Lita moja ya maji hayo ina takriban gramu 35 za chumvi. Chombo kinapokwenda, chumvi huingia na kutoka. Mashine ikizimwa, maji yaliyosalia kwenye kona hukauka na chumvi hubaki, ikaganda kwenye themostati na kuziba njia. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo alumini huendelea kuliwa hata mashine ikiwa chini ya paa.

Wenye boti wa Kanada au Norwei wana hofu nyingine. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua chuma, ndiyo sababu kabla ya baridi huyamwaga yote na kutia dawa ya kuzuia mgando. Dawa hiyo huku haina kazi. Tunachohitaji ni maji matamu, na hapo ndipo penye uzito, maana Jibondo ni kisiwa cha mawe ya matumbawe na kwa miaka mingi maji ya kunywa yalivushwa kwa vyombo kutoka Mafia kubwa. Siwezi kumshauri mtu amwagie mashine ndoo ya maji ya kunywa mahali kama hapo. Lakini masika hunyesha kati ya Machi na Mei, kabla kusi haijakaza. Maji ya paani yanatosha, yakitumiwa kwa akili.

Tafuta pipa jembamba, si beseni pana, maana jembamba hujaa kwa maji machache. Chomoa propela, funga mashine wima kwenye fremu imara ya mbao, mahali pa wazi kwa sababu moshi wake una sumu. Maji yafunike matundu ya kuvutia na kupita juu ya lile bamba bapa lililo juu ya propela. Usiiwashe kabla ya hapo hata kwa kujaribu: impela ikizunguka kavu huungua upesi mno. Gia ikiwa huru, iache ingurume taratibu kwa dakika chache, kisha izime. Maji hayo sasa yana chumvi. Yamwage mbali na ufuko, kwa kuwa yamechanganyika na mafuta na Jibondo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Jaza tena. Safari hii mashine ipate moto hasa, themostati ifunguke, la sivyo maji matamu hayatafika pale chumvi ilipojificha. Ipe dakika kumi, ukitazama ule mkondo mdogo unaochuruzika ubavuni. Ukidhoofika, zima utafute kilichoziba. Maji ya mzunguko huu wa pili usiyamwage: chumvi yake ni kidogo, na jirani anaweza kuyatumia kwa mzunguko wake wa kwanza. Mashine tatu zikioshwa kwa zamu siku moja, mapipa manne yanafanya kazi ya sita.

Ukimaliza, iache wima mpaka itone yote. Wengi huilaza kwa ubavu sakafuni, na hilo ni kosa, kwani maji yaliyosalia yanaweza kukimbilia kwenye silinda. Fungua pampu utoe impela. Mapezi yake yakikaa yamepinda miezi mizima hubaki hivyo, na yenye nyufa hayafai kurudishwa.

Kwa dizeli iliyofungwa ndani ya jahazi, funga koki ya maji ya bahari, chomoa mpira wa kuvutia uutumbukize kwenye pipa la maji matamu, iwashe iyavute, kisha izime na usafishe chujio. Kabla ya safari ya kwanza, hakikisha mpira umerudishwa na koki imefunguliwa.

Nahodha, masika yajayo weka pipa moja chini ya mchirizi na uliandike "mashine", nyumbani wajue kuwa hilo si la kupikia.