Kung'arisha Bakuli la Mathenge

Mathenge tumeulaani sana hapa Garissa, tangu ulipopandwa kule Bura, ng'ambo ya Mto Tana, miaka ya 1980. Miiba yake tunaijua sote. Lakini mbao yake ni ngumu na haipindiki ovyo ikikauka, na kijana mwenye mashine ya kukereza anaweza kutoa bakuli la kuuzika. Shida ni haraka ya kupaka vanishi. Jamani, vanishi haifichi mkwaruzo, inauonyesha!

Anza na msasa namba 80 mpaka alama za patasi ziishe, kisha 120, 240 na 400, bila kuruka. Kabla ya kubadilisha, simamisha mashine, futa vumbi, tazama bakuli kwenye mwanga wa pembeni. Vumbi hilo linaharibu kifua, funga pua na mdomo.

Halafu shika maranda ya mti huo huo, yagandamize kwenye bakuli likizunguka. Litaanza kung'aa lenyewe. Mwisho ni nta ya nyuki, nao nyuki wanayapenda sana maua ya mathenge. Oili ya gari au rangi ya viatu, hapana. Watu watalia chakula humo.

Sasa kitambaa cha kusugulia. Kisizungushwe kidoleni hata kidogo, maana mashine ikikinasa inaondoka na kidole. Tumia kipande kidogo, au karatasi laini inayokatika upesi, na ushike upande ambao bakuli linaukimbia mkono, si ule linaoujia. Shuka, tasbihi ya shingoni na mikono mirefu ya kanzu, vua kwanza ndipo uwashe.