Oili Inavujia Wapi?

Land Rover nyingi za zamani zinazopanda Mgeta kufuata kabichi na njegere hunifikia gereji, hapa Morogoro mjini, zikiwa na tumbo jeusi la oili. Dereva keshaambiwa ni sili ya nyuma ya krenki. Sili hiyo haifikiki mpaka gia boksi ishushwe, kazi ya gharama, kwa hiyo sikubali kuianza kabla hatujaosha injini. Oili hushuka, tena upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Panapodondoka sipo inapotokea.

Injini ikishapoa naiosha, naikausha, napaka poda ya mtoto kwenye maungio, kisha tunatoka hadi Bigwa na kurudi. Poda iliyoloa huonyesha mstari mwembamba. Naufuata mpaka juu kabisa: mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava, imekakamaa kwa joto la kupanda milima na gia ndogo, ukiigusa inamung'unyuka.

Kabla ya kufunga mpya nasafisha mpira wa kupumulia injini. Ukiziba, presha ya ndani itaitoa oili penginepo. Nati nazikaza kidogo kidogo. Zikibanwa mno gasketi hujikunja. Dereva namwagiza apime oili akifika Nyandira, huko Mgeta, gari likiwa limesimama mahali tambarare, kabla hajapakia.