Land Cruiser ya zamani, moteri ya mazuti: kinachosahauliwa ni freni

Kwenye barabara za Kivu na Ituri bado kunatembea Land Cruiser za aina ya 40, zile fupi zenye taa mbili za mviringo, ambazo Toyota ilianza kutengeneza mwaka 1960 na kuziacha mwaka 1984. Nyingi zilikuwa za misioni, za mashamba ya kahawa ao za serikali, kabla ya kupita mkono kwa mkono. Mara nyingi shasi ingali nzima na bodi inapigwa rangi upya bila shida. Kinachosimamisha gari ni moteri yake ya esanse: karburateri imechoka, piesi ni ngumu kupata, na si ajabu imalize litre 20 kwa kilomita 100.

Hapo ndipo mwenye gari anapoambiwa na fundi wake: toa hiyo, weka mazuti. Na mazuti inayotajwa karibu kila mara ni ile ya 1HZ, pamoja na bwate yake ya vitesi tano, iliyotolewa kwenye Land Cruiser ya miaka ya 1990 ambayo ilipata ajali ao kuchoka bodi.

Jina lenyewe la gari linaeleza habari hii. Kwa Toyota, herufi za kwanza hutaja moteri na J inamaanisha Land Cruiser. FJ40 ni Land Cruiser yenye moteri F, ya esanse. BJ40 ina moteri B, ya mazuti. HZJ, tunazoziona zikiwa nyeupe na bendera za mashirika ya Umoja wa Mataifa na ONG, zina 1HZ: silinda sita, litre 4.2, ilitoka mwaka 1990. Haina kompyuta. Pompi yake ya mazuti ni ya kimekaniki, na fundi aliyefanya kazi miaka michache kwenye garaji ya Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia ameshaifungua. Piesi zake zinaingia kutoka Dubai na Japani kupitia Mombasa ao Dar es Salaam, mpya na za okazio. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kubadilisha, kuliko nguvu.

Kwa upande wa nguvu, wengi wanadanganyika. Moteri ya esanse 2F, iliyowekwa kwenye aina ya 40 tangu katikati ya miaka ya 1970, ilitajwa na kiwanda kuwa na nguvu za farasi 135. Ile 1HZ ina karibu 130. Hata uwezo wa kuvuta, kwenye karatasi, unalingana. Tena 1HZ haina turbo, na Goma iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi na moteri isiyo na turbo inapungukiwa pumzi. Kwa hiyo anayetoa dola zake akitarajia kupanda milima mbio kuliko zamani atajuta. Anachopata ni kitu kingine: litre 12 hadi 15 kwa kilomita 100 badala ya 20, vitesi ya tano ya kupumzisha moteri barabara ikinyooka, na moteri isiyozimika kwa sababu maji ya mto yamelowesha buji na nyaya za moto.

Wazo la kuweka mazuti ya nyumba nyingine ndani ya gari hili si la magaraji ya mtaani peke yake. Nchini Brazil Toyota yenyewe ilitengeneza ndugu ya aina ya 40, iliyoitwa Bandeirante, na kwa miaka mingi iliiwekea moteri za Mercedes-Benz, kwa sababu ndizo zilizopatikana huko.

Kazi yenyewe inaanza kabla ya ufunguo wa kwanza kushikwa. Fundi mzuri anatafuta gari moja la kutoa vitu vyote: moteri, ambreyazi, bwate ya vitesi na ile bwate ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma. Anayenunua moteri kwa huyu na bwate kwa yule ataingia gharama ya kuchonga vipande vya kuunganisha, na kila kipande kilichochongwa vibaya kinakula ambreyazi. Bahati ni kwamba kwenye aina ya 40 na ya 70 difransieli ya mbele iko upande uleule, wa kulia, kwa hiyo nguvu inatoka mahali panapofaa. Lakini bwate ya vitesi tano ni ndefu kuliko ya zamani. Inasukuma bwate ya pili kwenda nyuma, na kardani ya mbele inabidi irefushwe huku ya nyuma ikifupishwa. Kardani iliyokatwa na kusudwa bila kusawazishwa inatetemesha gari zima, na mtetemeko huo ndio unaopasua krosi na beringi baadaye. Levie pia inahama, na sakafu inatobolewa upya.

Vishikio vya moteri vinasudwa kwenye shasi. Hapa hakuna haraka: moteri inawekwa kwanza bila kusudwa, inapimwa nafasi kati ya pangaboi na radiateri, kati ya karteri ya mafuta na ekseli ya mbele wakati springi zimelala kabisa. Gari likiruka shimo ndipo ekseli inapopanda kugonga, na hilo halionekani gari likiwa limesimama garajini.

Tanki la esanse linasafishwa mpaka harufu iishe, kisha linaongezewa bomba la kurudisha mazuti, kwa kuwa pompi ya mazuti hurudisha ile iliyozidi. Filtri yenye kutenga maji ni lazima. Mazuti ya kopo la barabarani inajulikana. Kwenye umeme, kuna mtego mmoja: Land Cruiser za esanse hutumia volti 12, lakini HZJ nyingi zilitoka na demarere ya volti 24. Moteri hii inabana hewa zaidi ya mara 22, na demarere isiyolingana na betri haitaizungusha asubuhi ya baridi. Buji za kupasha moto zinahitaji waya wake, na pompi inahitaji waya wa kufungua mazuti unapowasha na kuikata unapozima.

Tufike kwenye freni, kwa sababu hapo ndipo watu wanaweza kufa.

Moteri ya esanse, inapovuta hewa kupitia karburateri, inatengeneza mvutano ambao servo ya freni inautumia kumsaidia shofere. Moteri ya mazuti haina karburateri wala mvutano huo. Kwenye 1HZ, Toyota iliweka pompi ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya alternateri, na bomba lake ndilo linaloenda kwenye servo. Sasa alternateri ikiungua, mtu ananunua nyingine ya okazio inayofanana, isiyo na pompi hiyo, kwa kuwa ni ya bei ndogo na inachaji vizuri. Taa ya betri inazimika, gari linawaka, kila mtu anafurahi. Kisha pedali ya freni inakuwa ngumu kama jiwe. Mjini, kwenye kilomita 20 kwa saa, shofere anaweza kudhani ni kawaida ya gari la zamani. Kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, akiwa na magunia na abiria nyuma, atajua kwamba si kawaida.

Ongeza kwamba aina ya 40 za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zina tamburi kwenye magurudumu yote manne, bila diski mbele. Tamburi ikiingia matope ao ikipata moto inapoteza nguvu. Maoni yetu ni kwamba pesa za freni zitengwe kabla ya pesa za moteri: diski mbele, mabomba mapya, servo iliyopimwa. Mwenye gari asiyeweza kulipia vyote viwili angoje.

Kuna kingine kinachofichika. 1HZ inatumia mkanda wa distribisio, na Toyota inautaka ubadilishwe kila kilomita 100000. Kwenye HZJ, taa iliyoandikwa T-BELT inawaka kumkumbusha shofere. Dashibodi ya FJ40 haina taa hiyo. Na moteri ya okazio, nani anajua imetembea ngapi? Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga supapi. Busara ni kuubadilisha moteri ikiwa bado chini, mkono ukifika kila mahali, na kuandika tarehe na kilomita kwa rangi juu ya kifuniko.

Wengine wanaongeza turbo ili kupata pumzi ya mlimani. Inawezekana, lakini 1HZ haikuumbwa kwa turbo. Mazuti ikiongezwa kupita kiasi kulasi inapasuka.

Kwa upande wa karatasi, nambari ya moteri imepigwa kwenye blok. Muuzaji aonyeshe ilikotoka, na fakture ihifadhiwe pamoja na carte rose. Moteri isiyo na fakture inaweza kuwa ya gari lililoibwa, na tatizo litakuwa la aliyeinunua.

Baada ya kilomita 500 za kwanza, gari linarudi garajini: boliti za vishikio zinakazwa upya, kusudea zote kwenye shasi zinaangaliwa kwa tochi kama zimeanza kupasuka, mafuta ya bwate yanapimwa, na bomba la servo linachomolewa moteri ikizunguka ili kidole kihisi kama kweli linavuta.